Mwanamke Aliyeona Yaliyofichika

Maisha ya Daktari Florence Stoney, 1870–1932

Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe, au akigongwa na pikipiki katika barabara zetu za Lubumbashi, jamaa zake humkimbiza hospitali. Daktari akiisha kumpapasa kidogo hutoa amri ambayo hata watoto wameizoea: "Mpelekeni radio." Mgonjwa hulazwa juu ya meza, huambiwa asitikisike wala asivute pumzi kwa kitambo kidogo, na kazi imekwisha. Picha inaonyesha mfupa uliovunjika, mahali ulipovunjika na namna ulivyopotoka. Daktari anajua la kufanya. Mgonjwa anarudi nyumbani mkono umefungwa gango, anamshukuru Mungu, wala hafikiri zaidi.

Lakini kitu hiki kilicho chepesi kwetu kilikuwa kizito kwa waliotutangulia. Wako waliokipata kwa taabu nyingi, na wengine kwa kuipoteza mikono yao, hata uhai wao. Mmoja wao ni mwanamke ambaye jina lake halisikiki sana katika nchi zetu, Daktari Florence Stoney. Katika Uingereza yeye ndiye mwanamke wa kwanza aliyefanya kazi ya udaktari wa mionzi. Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wasichana mnaosoma hesabu na fizikia huku mkiambiwa kwamba masomo hayo si yenu, karibuni tuyatazame maisha yake.

NYUMBA ILIYOPENDA ELIMU

Florence alizaliwa tarehe 4 Februari 1870 katika mji wa Dublin, nchini Ireland. Ukoo wake ulikuwa wa Waprotestanti, haukuwa wa Kanisa letu. Lakini jema ni jema popote lionekanapo, na Mkristo wa kweli hamnyimi jirani sifa yake. Baba yake, George Johnstone Stoney, alikuwa mtaalamu wa fizikia. Ndiye aliyelitunga, mwaka 1891, jina la "elektroni" kwa kile kipande kidogo cha umeme, jina ambalo wanafunzi wetu wa sekondari hulikuta katika vitabu vyao bila kujua limetoka kwa nani. Mama wa watoto hao aliaga dunia wangali wadogo, na mzigo wa malezi ukabaki kwa baba.

Siku zile njia ya binti wa Ulaya ilikuwa nyembamba. Alifundishwa kusoma, kushona na kupiga kinanda, kisha akangojea kuolewa. Vyuo vikuu vilikuwa vya wavulana. Mzee Stoney hakuridhika na desturi hiyo. Alikuwa katibu wa chuo kikuu nchini Ireland, naye akakitumia cheo chake kutetea haki ya wanawake kufanya mitihani ya udaktari. Na lile alilolisema hadharani alilifanya pia nyumbani kwake. Mwanawe Gerald akawa mhandisi wa mitambo. Binti yake Edith akawa mtaalamu wa hesabu na fizikia. Na Florence, ambaye tangu utotoni hakuwa na afya ya nguvu, akachagua udaktari.

Edith alikwenda kusoma Cambridge. Mwaka 1893 alifanya mtihani mgumu wa hesabu akafaulu, lakini chuo hakikumpa digrii, kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Chuo hicho hakikuwapa wanawake digrii kamili mpaka mwaka 1948! Mwaka huo huo wa 1893 mzee Stoney alihamia London pamoja na familia yake, ili binti zake wapate mahali pa kusomea. Akina baba, fikirini jambo hilo. Wako wengi wanaohama kwa ajili ya kazi au biashara. Ni wangapi wamehama kwa ajili ya masomo ya binti?

Huko London kilikuwako chuo cha udaktari cha wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1874 kwa kuwa vyuo vingine viliwafungia mlango. Florence aliingia humo, akapata digrii ya udaktari mwaka 1895, na mwaka 1898 akapata daraja la juu zaidi. Kisha alibaki chuoni miaka kadhaa akifundisha elimu ya viungo vya mwili, yaani namna mifupa, misuli na mishipa ilivyopangwa. Alijua mahali pa kila mfupa kama mama ajuavyo mahali pa kila chungu jikoni mwake. Hakujua bado kwamba elimu hiyo ilikuwa ikimtayarisha kwa kazi nyingine.

NURU ISIYOONEKANA KWA MACHO

Mwaka ule ule Florence alipopata digrii ya kwanza, mwalimu mmoja wa fizikia katika mji wa Würzburg, nchini Ujerumani, aliona jambo la ajabu. Jina lake lilikuwa Wilhelm Conrad Röntgen. Tarehe 8 Novemba 1895 alikuwa akipitisha umeme wenye nguvu ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa karibu hewa yote. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi, isitoke nuru hata kidogo. Kumbe, kipande cha karatasi iliyopakwa dawa kilichokuwa mbali na chupa kilianza kung'aa gizani! Kitu fulani kilikuwa kikitoka katika chupa na kupenya karatasi nyeusi. Kwa kuwa hakujua ni kitu gani, alikiita "mionzi ya X", kama wanafunzi wa hesabu waandikavyo X mahali pa namba wasiyoijua.

Mionzi hiyo hupenya nyama ya mwili kwa urahisi. Mfupa huizuia kwa sehemu kubwa, na chuma au risasi huizuia zaidi. Basi, mkono ukiwekwa kati ya chupa na bamba la kupigia picha, kivuli cha mifupa hubaki juu ya bamba. Siku chache kabla ya Noeli ya mwaka huo Röntgen alipiga picha ya mkono wa mke wake Bertha. Ilionekana mifupa ya vidole, na pete ya ndoa ikining'inia juu ya kidole kama mkufu juu ya ufito. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Hakutaka hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Aliuacha uwe mali ya watu wote.

Madaktari walifurahi mno. Tangu mwanzo wa dunia, aliyetaka kuona ndani ya mtu aliye hai alipaswa kumpasua kwa kisu. Sasa aliweza kuona bila tone la damu. Katika furaha hiyo hakuna aliyejua kwamba nuru ile, isiyoonekana wala kusikika katika ngozi, ilikuwa na ukali wake.

CHUMBA CHA MWAKA 1902

Mwaka 1902 Florence Stoney alianzisha kazi ya mionzi katika hospitali ya Royal Free, London. Alifanya vile vile katika hospitali ya wanawake iliyokuwa na madaktari wanawake watupu. Edith, dada yake, alimsaidia kuchagua mashine. Mmoja alijua mwili, mwingine alijua umeme, nao walifanya kazi kama mikono miwili ya mtu mmoja.

Msomaji asidhani kwamba chumba kile kilifanana na vyumba vya radio vya leo. Chupa za kioo za siku zile zilikuwa na tabia kama za punda mkaidi. Leo zilitoa mionzi mikali, kesho dhaifu, na nyingine zilipasuka ghafula. Picha zilipigwa juu ya mabamba ya kioo, na kila bamba lilisafishwa gizani kwa dawa. Mgonjwa alitulia kwa muda mrefu kuliko leo. Akitikisika, picha imeharibika. Na ili kujua kama chupa iko tayari, madaktari wa mionzi walikuwa na desturi ya kuweka mkono wao wenyewe mbele yake na kuutazama juu ya kioo king'aacho. Mifupa ya mkono ikionekana vizuri, mgonjwa aliitwa. Desturi hiyo ilirudiwa mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Stoney hakuishia kupiga picha tu. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia mionzi kutibu ugonjwa wa tezi la shingo, ule unaotokeza macho na kuufanya moyo upige mbio, akaandika matokeo yake ili madaktari wengine wajifunze. Mwaka 1906 alifungua chumba chake mwenyewe katika Harley Street, mtaa wa London unaojulikana kwa madaktari wake mashuhuri.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 vita kuu ilianza Ulaya. Askari walikuwa wakirudi na risasi na vipande vya mizinga vimezama ndani ya miili yao. Nani angejua risasi iko wapi? Anayepasua bila kujua hutafuta kwa kisu, na kila anapotafuta anaongeza jeraha. Hapa ndipo mionzi ya X ilipohitajiwa kuliko wakati wowote.

Florence alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi hiyo. Wanaume waliokuwa na ujuzi kama wake walikuwa wachache. Yeye na Edith walikwenda kujitoa kwa Msalaba Mwekundu wa Uingereza, tayari kwa kazi. Aliyewajibu alikuwa Sir Frederick Treves, mpasuaji maarufu aliyewahi kumtibu mfalme. Aliwakataa. Hakuwapima ujuzi, wala hakuwauliza wamefanya nini. Walikuwa wanawake, na hilo lilitosha.

Mtu akikataliwa hivyo anaweza kurudi nyumbani na kununa, naye angekuwa na haki. Florence alifanya kazi. Palikuwa na kundi la wanawake wa Uingereza, likiongozwa na Bibi Mabel St Clair Stobart, lililokuwa likitayarisha hospitali ya kwenda Ubelgiji. Madaktari wake wote walikuwa wanawake. Florence alijiunga nalo, akawa mkuu wa madaktari na wa kazi ya mionzi.

CHINI YA MIZINGA YA ANTWERP

Mwezi wa Septemba 1914 walifika Antwerp, mji wa bandari wa Ubelgiji. Ulikuwa umebaki kama ngome ya mwisho. Mfalme Albert alikuwamo pamoja na malkia Elisabeth, yule ambaye mji wetu wa Lubumbashi, ulipoanzishwa mwaka 1910, ulipewa jina lake na kuitwa Élisabethville. Wanawake wale walipewa jumba la kuchezea muziki, wakaligeuza kuwa hospitali. Mahali ambapo watu walikaa kusikiliza vinanda sasa palijaa vitanda, na sauti iliyosikika ilikuwa kilio cha majeruhi.

Mwanzoni mwa Oktoba mizinga ya Wajerumani ilianza kuupiga mji wenyewe. Kwa muda wa saa 18 makombora yalipita juu ya hospitali na kuanguka kandokando yake. Maji yalikuwa yamekatika. Madaktari na wauguzi waliwabeba majeruhi kuwaweka mahali pa chini, kisha wakatafuta magari ya kuwaondoa mmoja mmoja, mpaka wote wakaondoka. Hapo tu ndipo wanawake wenyewe walipofikiria kujiokoa. Walitembea kwa miguu katika barabara zilizokuwa zikiungua, mwishowe wakapata nafasi katika mabasi yaliyobeba risasi na baruti. Wapakiwe juu ya baruti wakati makombora yanaanguka! Lakini hapakuwa na njia nyingine. Walivuka daraja la mto Scheldt, na muda mfupi baadaye daraja lile lilivunjwa.

Florence alikuwa na umri wa miaka 44, mwembamba, asiye na afya ya nguvu. Hakurudi London kupumzika. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kufungua kazi tena, safari hii karibu na Cherbourg, nchini Ufaransa, katika jumba la zamani la Tourlaville. Huko aliwapiga picha askari wa Kifaransa waliokuwa na mifupa iliyosagika. Katika majeraha ya namna hiyo vipande vingine vya mfupa hufa na kuoza ndani, na jeraha haliponi mpaka viondolewe. Stoney alijifunza kutambua katika picha kipande kilichokufa na kipande kilicho hai. Kwa hiyo mpasuaji aliondoa kilichokufa na kukiacha kilicho hai, na askari wengi waliponea kukatwa miguu.

WALIOKATAA WALIKUJA KUOMBA

Mwaka 1915 majeruhi walikuwa wengi mno, na wataalamu hawakutosha. Serikali ya Uingereza, ambayo miezi michache kabla haikumtaka mwanamke katika hospitali za jeshi, ilimwita Florence Stoney aongoze idara ya mionzi katika hospitali ya jeshi ya Fulham, London, yenye vitanda zaidi ya 1,000. Alikuwa miongoni mwa madaktari wanawake wa kwanza waliofanya kazi chini ya Wizara ya Vita. Alikaa hapo mpaka mwisho wa vita mwaka 1918. Mwaka 1919 alipewa nishani ya heshima ya ufalme.

Edith naye hakukaa kivulini. Alikwenda na hospitali za wanawake wa Scotland mpaka Ufaransa, Serbia na Salonika, akaweka mashine za mionzi mahali ambapo hata taa ya kawaida ilikuwa shida. Alipiga picha mbili za jeraha moja kutoka pande mbili, akazilinganisha mpaka akajua risasi imezama kina gani. Wakati huo huo, Marie Curie na binti yake Irène walikuwa wakizunguka Ufaransa na magari yaliyobeba mashine za mionzi hadi karibu na uwanja wa vita. Hivyo wanawake wa nchi mbalimbali walikuwa wakifanya kazi moja, na hesabu ya maisha waliyoyaokoa anaijua Mungu peke yake.

MKONO ULIOUNGUZWA

Vita ilipokwisha, deni lilikuja kulipwa. Ngozi ya mkono wa kushoto wa Florence ilikuwa imeunguzwa na mionzi. Kidonda cha namna hii hakifanani na cha moto wa jikoni. Moto huunguza ukapona. Mionzi hujificha, na baada ya miaka ngozi hukauka, hupasuka, huchubuka, na mara nyingine hugeuka kuwa saratani. Alihamia Bournemouth, mji wa pwani wenye hewa nzuri, lakini hata huko hakuweza kukaa bure. Alifanya kazi ya mionzi hospitalini, akawa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa mionzi wa sehemu hiyo.

Mwaka 1928 alipumzika kazi. Alisafiri na Edith mpaka India, na huko pia jicho lake la daktari halikulala. Aliwaona wanawake waliofungiwa ndani siku zote kwa desturi, wasipate jua, ambao mifupa yao ililegea na nyonga zao kupindika, hata kujifungua kukawa hatari. Akaandika juu ya ugonjwa huo na kueleza kwamba jua, kipaji cha bure cha Mungu, ni dawa ya mifupa. Tarehe 7 Oktoba 1932 alifariki kwa saratani ya uti wa mgongo, naye ana miaka 62. Edith aliishi mpaka mwaka 1938. Kabla ya kufa alitoa fedha za kuwasomesha wanawake katika sayansi, kwa ukumbusho wa baba yao na wa Florence.

Hakuwa peke yake katika msiba huo. Sista Blandina Ridder, mtawa aliyehudumu katika chumba cha mionzi huko Köln, Ujerumani, alifariki mwaka 1916 kwa madhara ya mionzi hiyo hiyo. Mwaka 1936 mnara wa ukumbusho ulisimamishwa Hamburg, ukiwa na majina zaidi ya 150 ya madaktari, wauguzi na watawa wa nchi nyingi waliokufa hivyo, na mengine yaliongezwa baadaye. Kutokana na vidonda vyao watu walijifunza. Mwaka 1928, katika mkutano mkuu wa Stockholm, wataalamu wa mataifa mbalimbali walipatana juu ya kanuni za kujikinga. Basi, unapomwona mpiga picha wa radio akivaa aproni nzito ya risasi au akijitenga nyuma ya ukuta, usidhani anakuogopa. Anazifuata kanuni zilizolipiwa kwa mikono ya watu kama Florence Stoney.

JIWE LA KATANGA

Habari hizi zinatugusa sisi wa Katanga kwa namna nyingine pia. Pamoja na mionzi ya X itokayo katika umeme, iko mionzi itokayo katika mawe. Mwaka 1898 Marie Curie na mume wake Pierre waligundua radiumu, kitu kinachotoa mionzi chenyewe, usiku na mchana. Madaktari waliitumia kuchoma uvimbe wa saratani. Lakini ilikuwa adimu na ghali kuliko dhahabu, kwa sababu mawe yaliyojulikana yalikuwa na radiumu kidogo mno.

Mwaka 1915, mwaka ule ule Florence alipoitwa Fulham, mawe mengine yalivumbuliwa huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Yalikuwa tajiri ajabu. Kampuni ya Union Minière iliyachimba na kuyasafirisha Ubelgiji, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen, katika jimba hilo hilo la Antwerp ambamo Florence aliponea mizinga, kilianza kutoa radiumu. Bei yake duniani ilishuka, na hospitali nyingi zaidi zikaweza kuipata. Kwa miaka mingi radiumu iliyotibu wagonjwa wa saratani katika nchi za mbali ilitoka hasa katika ardhi yetu.

Baadaye mawe ya Shinkolobwe yalitumika kwa kazi nyingine. Urani yake iliingia katika mabomu yaliyotupwa Japani mwezi wa Agosti 1945. Jiwe lilikuwa moja. Iliyobadilika ni nia ya wanadamu. Mwaka 2004 serikali yetu iliufunga mgodi huo.

Madaktari wa Ulaya waliounguzwa wana mnara na majina yao yameandikwa. Baba zetu waliochimba na kubeba mawe yale kwa mikono mitupu, bila kuelezwa yana nini ndani, hawana mnara. Ni wajibu wetu kuwakumbuka katika sala, na kuwaambia watoto wetu kwamba katika dawa ile iliyoponya wengi limo pia jasho la Katanga.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, wazazi. Nchini kwetu ilingojewa mpaka mwaka 1964 ndipo Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo, apate digrii ya chuo kikuu, huko Lovanium, Kinshasa. Miaka miwili baadaye akawa waziri. Chuo kikuu chetu cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1956. Leo mlango uko wazi. Lakini katika nyumba nyingi, fedha zinapopungua, wa kwanza kutolewa shuleni ni msichana. Anayefanya hivyo anaizika talanta ya Bwana wake ardhini, naye ataulizwa habari zake. Mzee Stoney hakujua kwamba binti yake dhaifu angeokoa miguu ya askari. Alijua tu kwamba amepewa mtoto mwenye akili, na kwamba akili haikupewa ili ilale.

Pili, wanafunzi. Florence hakufika alipofika kwa kulalamika mlangoni. Alikuwa na ujuzi ambao hakuna aliyeweza kuukana, na ujuzi huo aliupata kwa kurudia kazi ile ile, kila siku, katika chumba chenye giza. Wewe unayelia juu ya fizikia jioni kwa taa ya mshumaa wakati umeme umekatika, jua kwamba waliokutangulia hawakuwa na njia laini kuliko yako.

Tatu, wagonjwa. Wako wanaoogopa radio, wakidhani mashine itawanyonya damu au kuwaibia nguvu. Wako wengine wanaoidai kwa kila maumivu, kana kwamba picha ni dawa. Wote wawili wamekosea. Daktari akiiagiza, nenda bila hofu; asipoiagiza, usiilazimishe. Na mama mwenye mimba, au anayedhani huenda ana mimba, aseme mapema kabla ya kuingia chumbani, ili mtoto aliye tumboni akingwe.

Katika Misa zetu tunawaombea wagonjwa, na tunafanya vema. Tuwaombee pia wanaowahudumia: madaktari, wauguzi, masista wa dispensari, na wale wanaokaa kutwa nzima katika chumba cha radio, ambao mara nyingi mgonjwa hata hawaulizi majina yao. Na msichana wa parokia yetu akisema anataka kuwa mmoja wao, tusimcheke. Tumnunulie kitabu.